Kalenda tatu za Ramadhani kwenye tovuti moja, na mimi ndiye niliyechagua

Wakuu, amahoro kwenu nyote.

Naandika kutoka Rumonge, Burundi, ukingoni mwa ziwa Tanganyika. Nimekuwa msomaji wa kimya humu ndani kwa muda mrefu. Leo naandika mimi, na nitaandika kama ilivyokuwa, hata pale ninapojiaibisha. Watu wa kwetu wakiusoma uzi huu watajua ni nani. Sawa tu.

Siku mwenyekiti wa kamati ya msikiti wetu aliponiambia, "Mzee Yusufu, ziko tatu, chagua wewe ile nzuri," nilitakiwa kukataa.

Nilitakiwa kusema hiyo si kazi yangu, mwiteni Shabani.

Badala yake nilisema, "Niachieni mimi."

Yote yalianzia hapo.

Nieleze kwanza mimi ni nani. Nilisoma sekondari, kwa Kifaransa kama wengi wa huku, nikamaliza, sikuendelea. Nina kibanda cha kuchapa karibu na soko: kompyuta, printa, mashine ya fotokopi. Naandikia watu barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi, matangazo ya msiba. Umeme ukiwepo nafanya kazi. Usipokuwepo nakaa mlangoni nasalimia wapita njia.

Kila mwaka mwezi wa Ramadhani ukikaribia, mimi ndiye ninayechapa kalenda ya msikiti, ile yenye saa za kuanza kufunga na saa za kufungua.

Zamani kazi hiyo haikuumiza kichwa. Ilikuja karatasi yenye saa za Bujumbura, nikainakili, ikabandikwa ukutani, basi. Hakuna aliyeisimamia mbele yake kwa muda. Sababu ni kwamba sisi hatukuwa tunafungua kwa karatasi.

Tulikuwa tunafungua kwa Shabani.

Shabani alikuwa muadhini wetu. Pia alikuwa kaka wa mke wangu Zaituni, kwa hiyo muramu wangu. Huko kwenu mnasema shemeji. Mchana alikuwa bandarini anatengeneza nyavu za wavuvi, jioni yuko msikitini. Babu yao alitoka ng'ambo, upande wa Congo, akaoa huku, akabaki.

Sauti yake haikuwa nzuri, niseme ukweli. Ilikuwa na mkwaruzo. Lakini ikitoka, mtaa mzima unapeleka mkono kwenye tende.

Sasa wakuu mlioko pwani ya bahari, hapa inabidi mnisikilize vizuri, maana bila hili hamtaelewa ugomvi ulitoka wapi.

Jua la Rumonge halizami majini. Ng'ambo ya ziwa kuna ukuta wa milima ya Congo. Jua likifika pale linakatwa, na mbingu bado nyeupe kabisa. Mgeni akiona hivyo atasema limezama, tule. Shabani hakuwa anasema hivyo.

Msikiti wetu una ngazi ya zege inayopanda hadi kibaraza cha juu. Alikuwa anapanda mapema, anakaa juu ya kigoda chake, anatazama jua likiingia nyuma ya milima. Halafu anageuka. Anayapa mgongo maji, anatazama vilima vya upande wetu wa mashariki, giza linavyopanda kutoka kule. Kisha anageukia tena ziwa, anaangalia rangi. Ndipo anasimama na kuadhini.

Baba yake alimfundisha hivyo, kabla ya spika, kabla ya saa ya mkononi.

Wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwani, walio Waislamu walikuwa wanatoka na mitumbwi wakati huohuo. Wanafungulia juu ya maji. Walikuwa wanazima injini kidogo ili wasikie ile sauti yenye mkwaruzo.

Akimaliza kuswali anakuja kwangu. Mke wake alikuwa ameshafariki, kwa hiyo futari yake ilikuwa kwetu, mwaka hadi mwaka. Mkeka wake ulikuwa barazani karibu na mlango, kwa sababu goti lilikuwa linamuuma, alitaka kunyoosha mguu.

"Yusufu, sogeza hilo tumbo, mguu wangu upite."

Kila jioni ya Ramadhani, maneno hayohayo. Na mimi namjibu, "Mguu wako ndiyo murefu, tumbo halina kosa." Zaituni analeta uji, mihogo, ndagala za kukaanga. Tunakula.

Nimeandika hayo ili mjue nilikuwa na nini.

Tuje kwenye intaneti.

Mwenyekiti wetu, nimwite Haji Kassim, ni mfanyabiashara wa mawese. Mtu mwema, lakini ana haraka na kila kitu. Mwaka ule alikuwa anataka msikiti wetu uwe wa kisasa: spika mpya, rangi mpya, kundi la WhatsApp. Akaja kibandani na simu yake mkononi.

"Mzee Yusufu, watoto wamenitumia link. Kalenda yote iko humu. Mambo ya kukopi ya Bujumbura tuache."

Tukaifungua kwenye kompyuta yangu. Tovuti yenyewe sitaitaja, haina kosa lolote. Kalenda ilikuwa moja, lakini imewekwa kwa namna tatu, na kila moja ina mahali pake pa kubonyeza.

Ya kwanza ni ya zamani, bado wameiacha hapo. Nyeusi na nyeupe, saa za Bujumbura, na chini yake maneno ya Kifaransa kwamba watu wa miji mingine warekebishe kwa kutazama wenyewe.

Ya pili ni mpya, Kifaransa pia, ina jina la Rumonge kabisa. Lakini ni ndefu. Ina maelezo ya namna hesabu ilivyofanywa, kwamba wamehesabu kana kwamba mbele ya macho hakuna mlima wowote, na kwamba kila msikiti ulinganishe na watu wake wanaojua mahali.

Ya tatu ni hiyo mpya iliyotafsiriwa Kiswahili. Wakuu, ilikuwa nzuri. Ina mapambo ya kijani pembeni, mwezi mwandamo juu, jina la Rumonge kwa herufi kubwa, na inaingia ukurasa mmoja. Maelezo yote yameondolewa.

Kitu kingine kilikuwa kimeondolewa. Kwenye ile ndefu ya Kifaransa, chini kabisa, kwa herufi ndogo, waliandika kwamba katika toleo la Kiswahili wameongeza dakika chache kwenye saa ya magharibi, kwa tahadhari tu, ili mtu asije akafungua mapema.

Nililisoma hilo.

Narudia ili asitokee mtu wa kunitetea kwenye comments. Nilisoma mpaka chini. Kifaransa nakijua. Sikukosea kwa kutojua.

Kwa nini nilichagua ile ya tatu basi? Ilikuwa nzuri kwa macho. Ilikuwa kwa lugha yetu. Iliingia ukurasa mmoja. Na ile yenye maelezo marefu niliiona kama mtu asiye na hakika na anachosema. Nikafikiri watu wanataka saa, hawataki maelezo.

Kuna na jingine, ambalo nilichukua muda kulikubali. Miaka yote ile, likitokea jambo mtaani, watu walikuwa wanauliza, "Shabani anasemaje?" Hakuna aliyeuliza Yusufu anasemaje, na mimi ndiye niliyesoma. Ni kitu kidogo. Lakini kilikuwepo, na siku ile kilikuwa kimekaa na mimi pale mbele ya kompyuta.

Haji Kassim, pamoja na haraka yake, aliuliza swali zuri.

"Shabani tumuulize kwanza?"

Zaituni alikuwa amesimama mlangoni, ameniletea chai. Mimi nikajibu bila hata kugeuza kichwa.

"Shabani atasoma ukutani kama wengine."

Haji akacheka kidogo. Zaituni aliweka chai juu ya meza, akaondoka.

Nikachapa. Na kabla ya kuchapa niliongeza neno moja juu, ambalo tovuti haikuwa nalo. Niliandika RASMI. Halikutoka kwenye intaneti hilo. Lilitoka kwenye vidole vyangu.

Karatasi zikapigwa muhuri wa msikiti, zikasambaa. Sokoni, kwa mafundi cherehani, kwa mama wauza samaki, mpaka Magara zilifika. Watu walikuwa wananisimamisha njiani kunishukuru, "Mzee, murakoze, kalenda iko nzuri sana." Nilikuwa natembea kifua mbele.

Siku ya kwanza ya mfungo ikafika.

Uani pa msikiti tulikuwa tumekaa kwa mistari, tende na maji mbele yetu. Shabani yuko juu. Jua likaingia nyuma ya Congo. Akageuka, akatazama vilima, akageuka tena. Akaadhini.

Mikono ikaenda mdomoni.

Hapo kijana mmoja akasimama na karatasi, na simu mkono wa pili. "Bado! Musifungue! Karatasi inasema bado!"

Wakuu, sijui niwaelezeje ile hali. Wengine walikuwa wameshameza. Wengine wameshika tende katikati ya meno. Mama mmoja upande wa wanawake tulimsikia anatema. Watoto wakaangua kicheko. Na juu kule adhana inaendelea, maana Shabani alikuwa hasikii.

Watu wote wakanigeukia mimi.

"Mzee Yusufu, iko namna gani?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi. Ningesema: zile dakika ni za tahadhari tu, nimezisoma mwenyewe, kuleni, Shabani hajakosea. Lingekwisha pale pale, na hata kicheko kingekuwa juu yangu kwa jioni moja tu.

Nikasema, "Karatasi inasema bado."

Wakaweka tende chini.

Shabani alishuka ngazi polepole kwa sababu ya goti. Tulimngoja mpaka akafika chini. Akaomba ile karatasi, akainyoosha mbali na macho kama kawaida yake, akasoma.

"Hii imetoka wapi?"

"Kwa intaneti, baba," kijana akajibu.

"Intaneti iko na macho?"

Wazee wakacheka. Kijana naye hakukubali kushindwa. "Baba Shabani, haihitaji macho. Iko na hesabu."

Wakacheka upande wa vijana.

Shabani alimrudishia karatasi. Alinitazama mimi. "Muramu, miaka yote unajua mahali ninakaa. Ngazi ilikuwa ndefu, haukuweza kupanda uniulize?"

Kulikuwa na watu wengi, wakuu. Niliona kama nikikubali kosa pale nitashuka moja kwa moja. Nikamjibu, "Dunia imeendelea, muramu."

Jioni ile bado alikuja nyumbani. Alikula. Alimsifu dada yake kwa uji. Akanyoosha mguu pembeni, mbali na mimi, ingawa kule palikuwa pembamba. Hakuniambia nisogeze tumbo.

Siku zilizofuata mambo yalizidi. Vijana walikuwa wanasimama chini ya kibaraza na simu zao, wanamsubiri aadhini kabla ya karatasi ili wapige kelele. Na cha kuchekesha, kama kuna kinachochekesha hapa, simu zenyewe hazikuwa zinakubaliana. Huyu kafungua toleo la Kifaransa, yule kafungua la zamani la Bujumbura, mwingine anatumia app yake. Wote wanaapa kwamba yake ndiyo ya kweli. Wakibishana sana wanamaliza kwa kusema, "Ya mzee Yusufu imeandikwa rasmi."

Mtaa ukagawanyika. Wa karatasi na wa Shabani. Hata sokoni mama wauza samaki walikuwa wanachokozana.

"Wewe, unafungua ya karatasi ao ya muntu?"

"Ya muntu! Karatasi iliwahi kukuzika?"

"Basi utalipa hizo siku zote, utafunga mpaka Idi ya mwaka kesho!"

Walikuwa wanacheka. Lakini maneno hayo ya kulipa yaliwaingia watu. Kama karatasi ni ya kweli, basi Shabani alikuwa anatufungulisha kabla ya wakati. Na kama alikuwa hivyo mwaka huu, alikuwa hivyo miaka yote. Hesabu yake inatisha kwa mtu mwenye imani.

Alikuja kibandani bibi mmoja jirani yetu, mzee kuliko mimi, anatembea kwa fimbo. Akakaa kwenye benchi la wateja. Akaniuliza kwa sauti ndogo siku ngapi atatakiwa kulipa, kwa sababu amefunga kwa sauti ya Shabani na ya baba yake Shabani tangu akiwa msichana, na sasa hana nguvu tena.

Alikuwa analia, wakuu. Na ukurasa wa Kifaransa ulikuwa ndani ya kompyuta mbele yake, ningeweza kuufungua na kumsomea.

Nilimwambia, "Mama, muulize shehe."

Kamati ikaitisha kikao katikati ya mwezi. Haji Kassim alikuwa amekonda kwa mawazo, alitaka tu kelele ziishe. Ikapendekezwa kijana mwenye sauti nzuri awe anaadhini kwa kufuata karatasi, na Shabani "apumzike". Walitumia neno hilo kwa heshima.

Wakasema mimi niliyeleta kalenda niseme neno.

Nilisema, "Tufuate karatasi, ili tuwe kitu kimoja."

Nilijiona nimesema kwa busara. Hata sauti niliishusha.

Shabani aliomba kusema. Nayakumbuka maneno yake kama yalivyo.

"Mimi sisemi karatasi iko mbaya. Inaweza kuwa nzuri kunishinda, mimi sikusoma. Ile ninasema ni moja tu: mungeniuliza. Mungepanda pale juu siku moja, mutazame na mimi, halafu museme Shabani unakosea. Ningeshuka mwenyewe."

Mlango wa kibaraza una ufunguo, na alikuwa ameufunga kwa uzi wa nyavu, anauvaa shingoni. Akauvua. Haji alinyoosha mkono kuupokea. Shabani akampita, akauweka juu ya goti langu, akatoka.

Jioni ile mkeka ulikuwa mtupu.

Zaituni alimpelekea futari kwenye bakuli. Bakuli lilirudi limeoshwa, na salamu, na asante. Ikawa hivyo siku kadhaa. Kisha tukasikia amekwenda Kabezi, kwenye njia ya Bujumbura, kwa binti yake, kutibu goti.

Kumi la mwisho la mwezi alipita shehe mmoja mgeni akitokea Bujumbura. Haji Kassim akamshika mkono, akampandisha kibarazani jioni, akamwonyesha karatasi, akamweleza yote. Mimi nilikuwa nyuma yao, nimebeba ufunguo.

Shehe alitazama milima. Alitazama vilima. Alipoisoma karatasi akatikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu aliyechoka na jambo analoliona kila mahali.

"Wote mumefunga sawa," akasema. "Hawa wa karatasi wamengoja kidogo. Wale wa muadhini wenu wametazama kwa macho, na macho yana haki yake. Hakuna wa kulipa hata siku moja. Nani aliandika hili neno 'rasmi'?"

"Mimi," nikasema.

Akanitazama. "Haya," akasema.

Angenigombeza ingekuwa rahisi zaidi.

Haji alitangaza maneno ya shehe kwenye spika. Watu wakapumua, yule bibi jirani akapiga vigelegele barabarani na fimbo yake. Ikaisha, kwao.

Zaituni akaniambia, "Nenda Kabezi umwambie."

Nikasema, baada ya Idi.

Baada ya Idi mafuta yakawa hayapatikani, magari yamepanga foleni kwenye stesheni tangu asubuhi. Nikasema, yakipatikana. Yalipopatikana zikaja mvua, ziwa likapanda, maji yakala barabara sehemu moja. Nikasema, maji yakishuka. Msiyaamini sana hayo. Watu walikuwa wanakwenda Bujumbura na kurudi kila siku na mizigo yao. Mimi nilikuwa naona haya.

Nilimpigia simu, si kwamba sikumpigia.

"Muramu, salama?" anapokea yeye.

"Salama, muramu. Goti?"

"Iko hapo. Huko munapata mvua?"

"Inanyesha."

"Na huku."

Tulikuwa tunaongea mvua. Kabla sijasema nililopigia, nasikia anakohoa upande wa pili, nasema basi, msalimie binti. Nakata.

Mwaka ukazunguka. Ramadhani ikawa imekaribia tena, Haji ameshaanza kuniuliza habari za kalenda.

Asubuhi moja nilikuwa nimekaa mlangoni mwa kibanda, umeme umekatika. Lori la mawese la ndugu mmoja wa Zaituni na Shabani likapita barabarani kuelekea kaskazini. Mbele, kando ya dereva, nilimwona Zaituni. Niliijua kanga yake. Alikuwa anatazama mbele. Huwa anauza vitu sokoni, nikajiuliza, amepata bidhaa gani huko mpaka hakunipungia mkono? Nikaendelea kukaa.

Baadaye spika ya msikiti ikalia. Si wakati wa swala. Ni yule kijana mwenye sauti nzuri. Akasoma inna lillahi, akataja jina la Shabani, muadhini wetu wa zamani, amefariki alfajiri kwa binti yake Kabezi, mazishi leo hii hii.

Hivyo ndivyo nilivyojua. Pamoja na mtaa mzima.

Nilitafuta pikipiki. Wengi hawakuwa na mafuta. Aliyekubali alikuwa na kidogo, tukasimama njiani kununua kwenye chupa kwa mama mmoja. Nilipofika Kabezi watu walikuwa wananawa udongo mikononi. Waliniachia nafasi nisimame, nikasimama, nikasoma nilichoweza.

Binti yake alinipokea vizuri. "Karibu, baba." Akanipa maji. Aliniambia marehemu alikuwa anaadhini kwenye kimsikiti kidogo cha pale, kwamba walimwomba, na kila jioni alikuwa anataka atoke nje kwanza atazame milima.

Zaituni alikuwa na wanawake wenzake. Hakuinua kichwa.

Tulirudi Rumonge baada ya matanga. Nyumbani, tukiwa wawili, nilimuuliza. Nilimuuliza kwa upole. Walikupigia simu sokoni, lori limepita mlangoni kwangu, kwa nini hukusimamisha, mama watoto, twende wote?

Alikuwa anakunja nguo. Alizikunja zote kwanza.

"Nilisema utasoma ukutani kama wengine."

Ni maneno yangu yale ya kibandani, wakuu.

Najua humu kuna watakaosema, mzee, dakika chache tu zote hizi? Ndiyo. Ni dakika chache tu. Ndiyo maana inaniuma. Ingekuwa jambo kubwa ningejitetea nalo.

Nami sipingi intaneti. Ndiyo ninayoandikia hapa, na kalenda bado natoa humo humo. Tovuti ilisema ukweli wote, ilisema hata muulizane. Mimi ndiye niliyechagua toleo lililokatwa maneno hayo, kisha nikalivika cheo ambacho halikuwa nacho.

Siku hizi nachapa lile refu, nimelitafsiri mwenyewe, na maelezo yake yote, kurasa mbili. Vijana wanalalamika herufi ni ndogo. Neno rasmi nimeliondoa. Na kabla ya kuchapa napanda kibarazani jioni kadhaa, natazama nyuma ya Congo, nageuka natazama vilima. Sioni alichokuwa anaona. Naona tu giza linaingia.

Kama nina la kuwaachia ni hili: ukikuta kitu kimoja kimewekwa kwa namna mbili tatu, usikimbilie kizuri. Tazama kile kizuri kimeacha nini nje. Na kabla hujakisambaza, mwendee mtu aliyekuwa anaifanya kazi hiyo kabla yako, hata kama unadhani unajua kumzidi. Hasa kama unadhani hivyo.

Walioko misikitini, makanisani, mashuleni, mliowahi kushikwa katikati ya karatasi na mtu, niambieni ninyi mliishije. Na mwenye kunigombeza anigombeze, nitasoma yote. Muda ninao.

Mmoja wa rafiki zangu niliyemsomea uzi huu kabla sijauweka aliniuliza, sasa kwa ufupi ilikugharimu nini? Nimjibu hapa hapa.

Ilinigharimu Shabani, ambaye amelala Kabezi bila kusikia kwangu neno samahani. Na ilinigharimu Zaituni, ambaye tuko naye nyumba moja. Jioni za Ramadhani ananiandalia kila kitu, uji, mihogo, ndagala, hakipungui chochote. Kisha anachukua sahani yake anakwenda kufungulia chumbani.

Mimi nafungua barazani peke yangu, na nimekaa pembeni, ili mguu upite.